bsearch haiahidi kukupa thamani ya kwanza

Wanafunzi wengi wa programu hapa Dodoma huamini kwamba bsearch, funksheni ya utafutaji iliyomo katika maktaba sanifu ya lugha ya C, ikipewa safu iliyopangwa yenye thamani zinazojirudia, itarudisha ile ya kwanza. Sivyo. Kiwango rasmi cha C kinaeleza kwamba vipengele viwili vikilingana, haikubainishwa kipi kitarudishwa.

Tuchukue uzito wa kreti za zabibu za Hombolo, kwa kilo: 18, 20, 20, 20, 25. Tukitafuta 20, utafutaji wa kawaida wa kugawa nusu huanza katikati, nafasi ya 2 (C huhesabu kuanzia 0), hukuta 20 na kusimama papo hapo, ilhali 20 ya kwanza iko nafasi ya 1. Kurudi nyuma moja moja hutoa jibu sahihi, lakini safu ya thamani 1,000,000 ikiwa yote ni 20, hatua hizo hufikia karibu 500,000, na faida yote ya kugawa nusu hupotea.

Dawa yake ni kutosimama thamani inapolingana. Safu tuiite a, na thamani inayotafutwa x. Mwanzo uanze na 0, mwisho na idadi ya vipengele, na kati iwe nafasi ya katikati yao; kisha a[kati] ikiwa ndogo kuliko x, mwanzo huwa kati + 1, vinginevyo mwisho huwa kati, mpaka viwili hivyo vikutane. Hapo ndipo hukaguliwa, mara moja tu, kama nafasi hiyo imo ndani ya safu na ina thamani inayotafutwa. Kwa thamani 1,000,000, mzunguko hauzidi mara 20. Nasisitiza pia kwamba kati ihesabiwe kwa mwanzo + (mwisho - mwanzo) / 2, kwa kuwa jumla ya mwanzo na mwisho huweza kuzidi uwezo wa int, aina ya kawaida ya namba kamili katika C.