Ngozi ya ngoma: kuichagua, kuiandaa na kuiwamba

Anayetaka kutengeneza ngoma kwa mkono huanza kuulizia gogo. Gogo si tatizo. Mwembe, mfenesi, mringaringa, hata shina la mnazi hufaa, mradi lisiwe limeliwa na wadudu. Lichimbwe lingali bichi, maana ni laini kwa tezo na patasi, na kuondoa kiini mapema hupunguza nyufa. Paka nta au mafuta mazito kwenye ncha zote mbili, uliache likauke kivulini. Ukiliharakisha juani utapata kuni.

Kazi iko kwenye ngozi. Ya mbuzi ni nyembamba na mlio wake ni mkali. Ya ng'ombe ni nene, inafaa ngoma kubwa za sauti nzito. Wapigaji wengi huisifu ya kenge, lakini mnyama huyo yumo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori walio hatarini, biashara yake kati ya nchi na nchi inataka kibali, nami naona mbuzi anatosha. Ngozi iliyokwisha kulainishwa kwa ajili ya viatu iache. Mlio wake hufifia. Iliyohifadhiwa kwa chumvi ioshwe kwa maji mengi, kwa sababu chumvi inayobaki huvuta unyevu hewani na ngoma italegea.

Kabla ya yote, jua mnyama alikufaje. Ngozi ya mnyama aliyejifia inaweza kuwa na kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoweza kumuua mtu, na mbegu za ugonjwa huo hukaa kwenye ngozi kavu miaka mingi, chumvi haiziui. Mwaka 2006 mtengeneza ngoma mmoja wa New York aliugua kimeta cha mapafu baada ya kufanya kazi na ngozi kavu za mbuzi. Mwaka 2008 mwingine alifariki London. Kuichemsha si dawa, maana ngozi ikichemka hujikunja na kuharibika. Chukua ngozi kwenye machinjio yanayokaguliwa na daktari wa mifugo, uikwangue ikiwa imelowa ili isitoe vumbi, na mwenye kidonda mkononi asiiguse bila glovu.

Iloweke usiku kucha mpaka ikunjike kama kitambaa. Manyoya yanyolewe kwa wembe, au yapakwe majivu ya kuni yaliyokorogwa na maji hadi yang'oke. Mafuta ya upande wa nyama yaondoke yote. Kisha itandaze juu ya mdomo wa mzinga, yaani gogo lililochimbwa, mstari wa uti wa mgongo ukipita katikati kabisa, ili pande mbili zivutike sawa. Ukipigilia kigingi kimoja, kinachofuata kiwe ng'ambo yake. Usivute kwa nguvu zako zote: ngozi ikikauka hujikaza yenyewe, na iliyozidishwa huchanika usiku. Ikae kivulini siku kadhaa bila kupigwa.

Mlio ukiwa wa chini, wengi hukimbilia kukaza. Lakini ukikaza maradufu, mitetemo ya ngozi kwa sekunde, inayofanya mlio uwe juu au chini, huongezeka kwa takriban asilimia 41 tu. Mdomo mdogo zaidi hupandisha mlio kwa urahisi kuliko nguvu, kwa hiyo upana wake kiamuliwe mapema, wakati wa kuchimba. Ngoma iliyolegezwa na unyevu iote moto kwa mbali, ikigeuzwageuzwa na kugongwa kusikilizwa. Anayetaka mlio mzito aongeze nta ya nyuki katikati ya ngozi, kidogo kidogo, akipiga kila mara. Ikizidi, huibandua kwa ukucha.