Gazeti la jana lina kazi nyingi, kufungia vitumbua haimo

Kila ninapoendesha mafunzo ya mama lishe na baba lishe, kabla sijafungua daftari, naweka mezani chapati ya moto juu ya ukurasa wa gazeti, naifunika kwa ukurasa mwingine, kisha naomba watu wajitambulishe. Wakimaliza kutaja majina na vijiwe vyao, dakika kumi na tano zimekwisha. Hapo naifunua chapati, naipangusa kwa tishu nyeupe, na tishu inapita mkono kwa mkono. Ina doa la kijivu, na watu wametulia tuli.

Hawatulii muda mrefu. "Bwana afya," muuza vitumbua mmoja aliniambia safari iliyopita, "tangu mwaka 47 tunafungia kwenye gazeti, na wateja wangu ni wale wale, hawajafa." Wenzake wakaangua kicheko. Sikumlaumu mama wa watu. Gazeti ni rahisi, lipo kila kona, linanyonya mafuta vizuri, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, wauzaji wengi wadogo wamejikuta hawana kingine cha kumfungia mteja. Lakini swali lake lina jibu, na ukishalielewa jibu hilo utajua pia magazeti yaliyorundikana chini ya kitanda yanafaa kwa kazi ipi na hayafai kwa ipi.

Gazeti ni nyuzi na wino. Nyuzi zinatokana na mti uliosagwa, na hazina neno: zinaoza, zinanyonya maji, zinashika moto. Wino ndio wa kuangaliwa. Wino mweusi wa gazeti kwa kawaida ni masizi laini yaliyochanganywa na mafuta, na mara nyingi mafuta hayo ni ya madini, yale yanayotoka kwenye mafuta ghafi ya ardhini. Kwenye mitambo mingi ya magazeti wino huo haukauki kama rangi ya ukutani. Karatasi inaunyonya tu, basi. Ndiyo maana ukimaliza kurasa za michezo vidole vimekuwa vyeusi. Sasa mwekee wino huo kitumbua kilichotoka kwenye kikaango. Mafuta huyeyusha mafuta, na joto linaharakisha.

Mwaka 2012 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipima suala la mafuta ya madini kwenye chakula na kueleza kwamba baadhi ya kemikali za kundi hilo huenda zikaharibu vinasaba na kusababisha saratani. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula ya India, nchi ambayo vitafunio vya kufungwa kwenye gazeti ni vingi kama huku kwetu, iliwataka wauzaji waache. Kwa hiyo mama yule alisema kweli kwamba wateja hawajafa. Madhara ya namna hii hayamwangushi mtu barabarani. Ni kidogo kidogo, kila asubuhi, kwa miaka, na anayekula zaidi ni mtoto anayenunua kitafunio getini kwa shule siku tano za wiki.

Tena wino ni nusu tu ya habari. Gazeti la kufungia limeshapita saluni, kijiwe cha kahawa na kiti cha daladala, kisha likalala stoo pamoja na mende na panya. Mtu analamba kidole ili kufunua ukurasa, halafu ukurasa huohuo unafungia andazi.

"Basi niweke kwenye nini?" Hilo ndilo swali la haki. Jani la mgomba, likioshwa na kupitishwa juu ya moto mpaka lilainike, linafungia vitumbua bila kuchanika. Mifuko ya kaki isiyochapishwa inauzwa kwa mafungu. Mteja wa kila siku anaweza kuja na bakuli au hotpoti yake, na ukimpunguzia kidogo atakumbuka kuibeba. Wengine huweka karatasi nyeupe nyembamba ndani na gazeti nje. Ni afadhali kuliko gazeti tupu, lakini mafuta yanapenya karatasi nyepesi, kwa hiyo msiifanye kinga. Karanga za kukaanga ziko kundi hilohilo la vitu vyenye mafuta. Najua kile kikaratasi cha karanga kina utamu wake, hasa unapomaliza karanga ukasoma nusu ya habari na hujui iliishaje.

Ndizi mbichi na maparachichi yasiyoiva ni jambo jingine. Ganda linatupwa, hivyo funga tu. Tunda linapoiva hutoa hewa iitwayo ethilini, ambayo nayo inaivisha zaidi. Gazeti huizuia hewa hiyo isitawanyike haraka, na wakati huohuo linanyonya unyevu ambao ungeozesha. Weka na ndizi moja iliyokwisha kuiva kwenye furushi hilo, kazi itakwenda mbio.

Nikitoka jikoni naingia bustanini, na hapa ndipo ninapoona gazeti lina thamani kuliko linavyopewa.

Anza na viriba. Wengi wetu tunaoteshea miche kwenye viriba vya nailoni, tunavichana siku ya kupandikiza, na vinabaki shambani mpaka wajukuu watakapovifukua. Kiriba cha gazeti kinaenda ardhini pamoja na mche. Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Kata gazeti vipande virefu vyenye upana wa kama sentimita 15. Zungushia kipande kwenye chupa mara mbili au tatu, ukiacha sentimita 5 zipite chini ya kitako, kisha zikunje kuelekea katikati kama unavyofunga zawadi, na ugonge kitako mezani ili mikunjo ishike. Chomoa chupa. Gundi haihitajiki. Jaza udongo uliochanganywa na mboji, halafu vipange viriba kwenye kreti au beseni bovu vikiwa vimebanana, kwa sababu kiriba kimoja kikisimama peke yake kitalegea siku ya pili ya kumwagilia.

Viriba hivi vinakaa wiki tatu mpaka tano. Vinatosha nyanya, hoho, matango na tikiti maji, na kwa matango na tikiti ndiyo dawa hasa, maana mimea hiyo haipendi kusumbuliwa mizizi. Kwa miche ya miti inayokaa kitaluni miezi, usijisumbue, karatasi itaoza kabla ya mche kuwa tayari. Siku ya kupanda kuna kosa moja ambalo karibu kila mtu hulifanya mara ya kwanza: anaacha ukingo wa karatasi ukichungulia juu ya udongo. Ukingo huo unakuwa utambi wa taa. Unavuta maji kutoka kwenye mizizi na kuyapeleka juani, na mche unanyauka ilhali umemwagilia jioni. Chana ukingo au ufukie wote.

Kazi ya pili ni matandazo. Mwagilia tuta kwanza, tandaza kurasa sita mpaka kumi kwa pamoja, zipandane pembeni kwa sentimita 10 au zaidi, zilowanishe, halafu funika kwa nyasi kavu. Magugu yanakosa mwanga na kufa, unyevu unabaki, na msimu ukiisha karatasi imekuwa sehemu ya udongo. Nionye juu ya mambo mawili ambayo wanaosifia njia hii hawayataji. Ndago hazijali, ncha zake zinatoboa karatasi iliyolowa kama sindano. Na kama unaishi kwenye mchwa wengi, gazeti kavu kwao ni karamu. Huko afadhali uchane karatasi na kuichanganya kwenye mboji, usiitandaze juu ya ardhi.

Kwenye mboji yenyewe, gazeti linatibu tatizo la mabaki ya jikoni: majimaji na harufu. Maganda ya ndizi na mabaki ya mboga yana naitrojeni na maji mengi; karatasi ina kaboni nyingi na karibu haina naitrojeni. Kila ndoo ya maganda iwekee ndoo mbili za gazeti lililochanwa vipande vya upana wa kidole, changanya, na upime kwa mkono: ukikamua ngumi ya mboji, iwe kama tambara lililokwisha kukamuliwa, itoe tone moja au mawili. Kurasa zikitiwa nzima zinagandana kama chapati zilizolala, hewa haipiti, na utazikuta zinasomeka baada ya miezi mitatu. Kurasa zinazong'aa, zile za matangazo ya kupachikwa, ziweke kando. Zimepakwa udongo mweupe na mara nyingine plastiki.

Wafugaji wa kuku mnalijua gazeti zamani. Siku mbili tatu za mwanzo mnalitandaza juu ya maranda ili vifaranga wasile maranda, na chakula kinanyunyizwa juu yake wakione. Ni sawa. Tatizo linaanza pale gazeti linapoachwa wiki nzima likiwa limelowa au peke yake juu ya sakafu. Linateleza, kifaranga anakosa pa kukazia kucha, miguu inatanuka kushoto na kulia, na akishakuwa hivyo kumrudisha ni kazi. Likunje kwanza kwa viganja mpaka lipate makunyanzi, badilisha kila siku, na siku ya nne liondoe. Mwenye vifaranga mia anaona ni usumbufu mpaka apoteze sita.

Moto nao. Mitaa mingi jiko la mkaa linawashwa kwa kipande cha nailoni au chupa ya plastiki, na mpishi amejiinamia anapuliza. Moshi ule ni sumu kuliko wino wowote niliousema juu. Sokota kurasa mbili za gazeti ziwe kama kamba, ziviringishe, dondoshea mafuta yaliyokwisha kukaangia, weka chini ya mkaa. Zinawaka taratibu na kushika. Chenga za mkaa zinazobaki kwenye gunia pia zina kazi: loweka gazeti siku mbili, litwange kwenye kinu mpaka liwe kama uji mzito, changanya kiasi kimoja cha uji huo na viasi vitatu au vinne vya chenga, finyanga, anika juani hadi wiki. Ukizidisha karatasi utapata moshi na majivu mengi. Na mkaa huu, kama mkaa mwingine wowote, hauingizwi chumbani kuota usiku.

Mengine mnayajua, niyapitie haraka. Vioo husafishwa kwa gazeti na maji yenye siki kidogo bila kuacha manyoya, ila fremu nyeupe zitachafuka. Viatu vilivyolowa masika vijazwe gazeti lililokunjwakunjwa, ubadilishe baada ya saa chache, wala usivianike juani vikapasuka. Fundi cherehani hukatia mfano wa nguo kabla ya kugusa kitambaa cha mteja. Unapohama, vyombo vya udongo na vioo vifungwe kimoja kimoja, kisha vioshwe ufikapo.

Mawili siyapendekezi. Kubandika gazeti ukutani kwa uji wa unga, kama tulivyofanya nyumba za udongo, kunapendeza, na wengine tulijifunzia kusoma hapo, lakini nyuma ya karatasi ndipo kunguni wanapojenga, na cheche moja ya kibatari inatosha. Kulitumia chooni kwenye choo cha shimo ni hiari ya mtu na ngozi yake, ila kwenye choo cha kuflashi litaziba bomba, kwa kuwa nyuzi za gazeti hazitengani haraka majini kama za tishu.

Halafu kabla ya kuchukua mkasi, tazama tarehe. Karatasi ya gazeti inageuka njano kwa sababu imebaki na lignini, gundi ya asili ya mti, inayobadilika rangi ikipigwa na mwanga na hewa. Kurasa zilizokuwa njano hadi zinakatika mkononi huenda ni za miaka mingi. Ukikuta sandukuni kwa marehemu babu nakala ya Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, au Kwetu la Erica Fiah la kuanzia mwaka 1937, tafadhali usitengenezee viriba. Waulize watu wa maktaba kwanza.

Yule mama wa vitumbua nilipita kijiweni kwake baada ya mwezi. Alikuwa na mfuko wa kaki wa wateja wapita njia, na wale wa mtaani wanakuja na mabakuli. Rundo lake la magazeti lilikuwa bado lipo, chini ya meza, limefunikwa gunia ili lisilowe. Nikamuuliza la nini. Akanionyesha jiko, akanionyesha na miche ya hoho nyuma ya kibanda, imepangwa kwenye kreti la soda. Kingo za viriba hakuwa amezichana. Tukainama tukazichana pamoja, na magazeti yaliyozidi nikamshauri awauzie wanunuzi wa karatasi chakavu, ambao huchukua kwa kilo mradi ziwe kavu.