Daftari la maabara la kielektroniki ni kitu gani hasa?

Daftari la maabara la kielektroniki ni programu ambayo mtafiti huandika ndani yake kila jaribio analofanya: alitaka kujua nini, alitumia vifaa na kemikali zipi, alifuata hatua gani, aliona nini, na akafikia uamuzi upi. Maandishi hayo hukaa mahali pamoja na picha, majedwali na mafaili yaliyotoka kwenye mashine. Kila jaribio hupewa namba yake, tarehe na jina la aliyeliandika, na programu hukumbuka kila badiliko linalofanywa baadaye. Hicho cha mwisho ndicho uti wa mgongo wa jambo lote. Kiondoe, na utabaki na faili la Word lililopambwa.

Kwa nini iwe hivyo, utaelewa ukilitazama kwanza daftari la karatasi. Aliyesoma sayansi chuoni anazikumbuka amri zake: kurasa ziwe zimeshonwa na zina namba zilizochapwa, andika kwa wino, usitumie penseli, ukikosea piga mstari mmoja juu ya kosa ili kilichokuwepo kiendelee kusomeka, kisha weka herufi za jina lako na tarehe, nafasi tupu chini ya ukurasa ichore mstari wa mshazari asije mtu akajaza kitu mwezi ujao. Wanafunzi wengi huzichukulia kama ukali wa mwalimu tu. Lakini nyuma yake kuna haja moja, kwamba mtu mwingine, hata asiyekupenda, aweze kuamini kuwa kilichoandikwa tarehe ile kiliandikwa tarehe ile. Nchini Marekani kulikuwa na fedha nyingi ndani ya haja hiyo. Hadi Machi 2013, hataza ya pale, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi, ilikuwa ya aliyevumbua kwanza, hata kama mwingine alimtangulia kupeleka maombi, kwa hiyo ukurasa wa daftari wenye tarehe na saini ya shahidi uliweza kuamua kesi.

Watafiti makini walikuwa na mbinu zao tangu zamani. Michael Faraday, pale London, alianza mwaka 1832 kuzipa namba aya za kumbukumbu zake za majaribio, moja baada ya nyingine, akavuka 16,000. Alipotaka kurejelea jambo la miaka ya nyuma alitaja namba ya aya, basi. Programu za leo zinafanya hivyo hivyo kwa kila jaribio, tofauti ni kwamba ukibonyeza ile namba unafika.

Karatasi ilianza kushindwa pale mashine zilipoanza kutoa mafaili. Picha ya jeli, ule utando unaotenganisha vipande vya DNA kwa urefu wake, unaweza kuichapa na kuibandika kwa gundi. Lakini jedwali lenye maelfu ya mistari kutoka mashine ya PCR, ile inayonakili kipande cha DNA mara nyingi, au data ya kusoma mpangilio wa vinasaba, utalibandika wapi? Kilichotokea kwenye maabara nyingi ni kugawanyika: maelezo yamo daftarini, data imo kwenye flashi, picha zimo kwenye simu ya mtu, na kinachoviunganisha vyote ni kumbukumbu ya kichwa cha mwanafunzi ambaye mwakani atahitimu na kuondoka.

Tuchukue kazi inayofanywa sana kwenye maabara za malaria Afrika Mashariki. Mbu wa kundi la Anopheles gambiae wana ndugu wanaofanana mno. Hata chini ya darubini huwezi kuwatofautisha kwa uhakika. Njia iliyochapishwa mwaka 1993 hutumia PCR: unatoa DNA ya mguu au bawa, unaikuza, unaipitisha kwenye jeli, kisha unasoma urefu wa kipande kilichotokea. Kipande cha jozi za besi 390 ni An. gambiae wenyewe, 315 ni An. arabiensis, na 466 ni An. merus, yule wa Pwani anayezaliana kwenye maji ya chumvichumvi.

Kwenye daftari la karatasi la mtu aliyechoka utakuta: “PCR ya mbu, kama jana. Sampuli 24. Imekubali.” Yeye anaelewa. Wewe huelewi kitu.

Kwenye programu, mtafiti huanza kwa kufungua kiolezo cha PCR ya utambuzi wa mbu. Hatua zimo tayari, na kuna visanduku vya kutiki kila hatua inapokamilika. Anaandika kichwa kinachoeleweka na kusudi la jaribio. Linalofuata ndilo lenye uzito: kuunganisha. Hachapi tu neno “praima”, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili wa PCR. Anaunganisha jaribio na rekodi ya kile kichupa cha praima kilichopo kwenye frizi, chenye namba ya bechi, tarehe kilipofunguliwa na rafu kilipo. Anaunganisha maji safi aliyotumia, mashine ya PCR, na sampuli zenyewe, kila mbu na namba yake ya kituo alikokamatwa. Mwisho anapakia picha ya jeli jinsi ilivyotoka kwenye kamera, kabla haijakatwa wala kuongezwa mwangaza.

Sasa tuseme jeli inaonyesha kipande cha 315 kwenye kile kijia (njia ya sampuli moja ndani ya jeli) ambacho hakikuwekwa DNA yoyote, kilichowekwa makusudi kiwe tupu ili kithibitishe usafi wa kazi. Maana yake kuna uchafuzi. DNA ya arabiensis imeingia mahali. Ni kwenye maji? Praima? Pipeti? Hapo ndipo viungo vinapolipa. Unafungua rekodi ya chupa ya maji na programu inakuorodheshea majaribio yote yaliyoitumia. Ukiona yaliyotumia maji hayo na praima nyingine yana kijia safi, na yaliyotumia praima hii yote yana kipande kile kile, umeshajua cha kutupa. Na umejua matokeo yapi ya wiki zilizopita yanatakiwa kurudiwa, jambo ambalo kwa karatasi lingemaanisha kufukunyua madaftari ya watu wanne wenye miandiko minne.

Upande wa pili ni historia ya mabadiliko. Ukiandika leo kuwa praima zilishikiza kwa nyuzi 50 za Selsiasi, kesho ukabadilisha ikawa 52, programu haifuti ile 50. Inahifadhi matoleo yote mawili, jina la aliyebadilisha na saa aliyobadilisha. Jaribio likikamilika, msimamizi huweza kulifunga lisihaririwe tena. Huu ndio ule mstari mmoja wa wino juu ya kosa, ila hapa hakuna anayehitaji kukumbuka kuuchora.

Programu nyingine zinakwenda mbali zaidi kwa kuweka muhuri wa muda. Zinachukua jaribio zima na kulikokotoa hadi kupata alama fupi. Kwa njia maarufu ya SHA-256 ni herufi na tarakimu 64. Badilisha nukta moja ndani ya jaribio, alama inakuwa nyingine kabisa. Alama hiyo, si jaribio lenyewe, hutumwa kwa taasisi ya nje inayoaminika, nayo huirudisha ikiwa na tarehe, saa na saini yake ya kidijitali. Utaratibu wa kufanya hivyo uliandikwa rasmi mwaka 2001. Miaka kumi baada ya jaribio lako mtu akibisha, mnakokotoa upya na kulinganisha. Siri zako hazikutoka nje, na shahidi hana undugu na wewe.

Wanaofanya kazi ya dawa hawana hiari katika haya. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa mwaka 1997 kanuni inayojulikana kama Sehemu ya 11. Inataka rekodi za kielektroniki ziwe na kumbukumbu ya nani alifanya nini na lini, badiliko lisifiche kilichokuwepo, na saini ionyeshe jina, muda na maana yake: umeandika, umekagua au umeidhinisha? Wakaguzi wana kifupi chao, ALCOA, wanachokitumia kupima rekodi yoyote. Aliyeandika ajulikane, maandishi yasomeke, yaandikwe kazi ikiendelea, yawe ya asili, na yawe sahihi. Nje ya dawa pia mambo yanasogea. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, ziliwataka watafiti wa maabara zao za ndani wawe wamehamia kwenye rekodi za kielektroniki pekee ifikapo mwisho wa Juni 2024.

Watu huchanganya daftari hili na mfumo wa taarifa za maabara, ule unaoitwa LIMS. Ukipeleka damu hospitali kubwa, ikabandikwa msimbopau na majibu yakatoka yamechapwa, huenda umepitia kwenye LIMS. Kazi yake ni kusafirisha sampuli nyingi kwenye njia ile ile kila siku bila kupotea. Daftari ni la mtu ambaye bado hajui njia. Leo anajaribu hiki, kesho kimeshindikana, keshokutwa anageuza. Maabara ya hospitali inayotafuta ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, ianze na LIMS. Kundi la watafiti wa chuo lianze na daftari. Kuna programu zinazodai kufanya yote mawili, na baadhi zinaweza, lakini jiulize kwanza shida yako ni ipi kabla muuzaji hajakuchagulia.

Kuhusu programu zenyewe, zipo za kulipia kama Benchling na LabArchives, na zipo huria. eLabFTW, iliyoanzia Institut Curie jijini Paris, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. (Madaftari ya Marie Curie mwenyewe, mtafiti wa mionzi ambaye taasisi hiyo ina jina lake, bado yana mionzi, na hutunzwa ndani ya masanduku yenye madini ya risasi. Hilo nalo ni tatizo la karatasi.) openBIS imetoka chuo cha ETH Zurich, na Chemotion, iliyotengenezwa Karlsruhe, Ujerumani, inawafaa wakemia kwa sababu inaelewa michoro ya molekuli. Kwa maabara za kwetu, zile zinazoweza kuwekwa kwenye seva ya ofisini nazipa alama ya juu. Intaneti ya nje ikikatika, watu wanaendelea kuandika kupitia mtandao wa ndani kwa kivinjari cha kawaida. Sharti ni awepo mtu mwenye jukumu la nakala rudufu na la kusasisha programu, na jukumu hilo liwe kwenye mkataba wake wa kazi. “Kijana wa IT atatusaidia” si mpango.

Programu haimponyi mtu mvivu. Anayeandika Ijumaa jioni kazi za wiki nzima kwa kukumbuka anaandika hadithi, hata kama hadithi hiyo ina muhuri wa muda. Dawa yake ni kishikwambi au kompyuta ya zamani karibu na meza ya kazi, ambayo haijali kuguswa na glavu. Hatari ninayoiogopa zaidi ni kiolezo. Kiolezo kinasema mizunguko 35 ya PCR, wewe siku hiyo uliendesha 40 kwa sababu DNA ilikuwa hafifu, ukatiki visanduku vyote na kufunga. Sasa rekodi inasema uongo kwa sauti ya kujiamini, na saini ni yako. Kwenye karatasi ungelazimika kuandika namba hiyo kwa mkono na huenda ungekumbuka. Ndiyo maana kiolezo kizuri huacha tupu zile namba zinazobadilika, na hujaza yale tu yasiyobadilika.

Yapo pia mambo ya sheria. Sampuli zikitoka kwa watu, jina na namba ya simu ya mgonjwa visiingie kwenye daftari. Tumia namba ya utafiti, na orodha inayounganisha namba na jina ikae kwingine chini ya ulinzi wake. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, na kuweka taarifa hizo kwenye seva iliyoko nje ya nchi ni swali la kuuliza kamati ya maadili mapema. Suala la umiliki nalo lisemwe siku ya kwanza: kwa kawaida rekodi ni mali ya taasisi. Mwanafunzi akiondoka, akaunti yake inafungwa, majaribio yake yanabaki yakisomeka kwa jina lake.

Kabla ya kuchagua, uliza utatokaje na data yako siku ukiiacha programu hiyo. Kampuni hufungwa, bei hupanda, miradi huishiwa ufadhili. PDF ni nzuri kwa kusoma, ila haibebi viungo wala mafaili asilia ya mashine kwa namna ambayo programu nyingine itavipokea. Watengenezaji kadhaa wamekubaliana juu ya faili la aina ya .eln, ambalo ni faili la kawaida la zipu, lililobanwa, lenye mafaili yako pamoja na maelezo yaliyopangwa ili kompyuta iyaelewe. Usiridhike kuambiwa kuwa ipo. Omba akaunti ya majaribio, weka jaribio moja lenye picha, jedwali na viungo viwili vitatu, litoe, kisha lifungue kwenye kompyuta isiyo na programu hiyo uhesabu kilichobaki.