"Nakula kidogo, mbona uzito umegoma?" Maswali na majibu kuhusu kujinyima chakula

Kuna kauli inayorudiwa sana na wanaotaka kupungua: ukila kidogo kupita kiasi, mwili "unaingia hali ya njaa", unakumbatia mafuta yake, na hupungui tena hata gramu moja. Nusu ya kauli hiyo ni kweli. Kwa bahati mbaya, nusu isiyo kweli ndiyo inayosambaa zaidi.

Je, ni kweli mwili hupunguza matumizi ya nishati mtu akijinyima chakula?

Ndiyo, na hupunguza kwa njia mbili. Kwa watu wengi, zaidi ya nusu ya kalori za siku hutumika mwili ukiwa umetulia tu: moyo kudunda, ini na figo kufanya kazi, ubongo kufikiri, joto kutunzwa. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya umetaboli, yaani shughuli zote za kemikali zinazouendesha mwili. Ukipungua uzito, mwili unaobaki ni mdogo na gharama ya kuuendesha hushuka. Hapo hakuna ajabu; mtu wa kilo 70 hatumii sawa na alivyotumia akiwa na kilo 95.

Njia ya pili ndiyo iliyozua maneno. Mwili hubana matumizi kuliko ukubwa wake unavyodai. Leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta na kuuarifu ubongo kuhusu akiba iliyopo, huanguka ndani ya siku chache za kujinyima, kabla hata mafuta yenyewe hayajapungua sana. T3, homoni ya tezi ya thairoidi inayochochea matumizi ya nishati, nayo hushuka. Moyo hudunda polepole zaidi, mtu huhisi baridi, na misuli hufanya kazi ileile kwa nishati pungufu kuliko awali.

Hubana kwa kiasi gani?

Hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Katika utafiti wa New York uliochapishwa mwaka 1995, watu waliopunguza angalau asilimia 10 ya uzito na kubaki hapo walitumia nishati pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko ilivyotarajiwa kwa miili ya ukubwa ule. Mfano uliovuma zaidi ni wa washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito nchini Marekani. Walipopimwa miaka 6 baadaye, miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa bado inatumia kalori kama 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao. Lakini hao walipungua kwa kasi isiyo ya kawaida, kwa mazoezi ya kupindukia mbele ya kamera. Usijipime kwao.

Mwili unaweza kubana hadi uzito usimame kabisa?

Hapana. Nyumba iliyopungukiwa kipato hubana matumizi, lakini haiwezi kuendeshwa kwa sifuri. Moyo na ubongo lazima vilishwe, na kama chakula hakitoshi, kinachobaki ni mafuta na misuli yako.

Ushahidi mzito ulipatikana Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Mwishoni mwa 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikielekea ukingoni, mtafiti Ancel Keys alitaka kujua namna ya kuwarudishia afya watu waliodhoofishwa na njaa ya vita. Vijana 36, waliokataa kupigana kwa sababu ya dhamiri zao, walijitolea. Kwa wiki 24 walilishwa wastani wa kalori 1,600 hivi kwa siku, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki. Umetaboli wao wa kupumzika ulishuka kwa karibu asilimia 40, sehemu kubwa ikiwa ni kwa sababu miili yenyewe ilikuwa imebaki midogo. Hata hivyo walipoteza takriban robo ya uzito wao. Miili ilibana, na bado ilikonda.

Yupo pia Angus Barbieri wa Uskoti, aliyekaa siku 382 bila chakula mwaka 1965 na 1966, akinywa maji na vinywaji visivyo na kalori na kupewa vitamini na madini chini ya uangalizi wa madaktari. Alishuka kutoka kilo 207 hadi kilo 82. Simtaji ili aigwe: miaka hiyohiyo wagonjwa wengine waliofungishwa chakula hospitalini walikufa.

Basi kwa nini mizani yangu haijasogea wiki tatu?

Hapa ndipo penye mambo. Anza na maji. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli kwa umbo la glaikojeni, na kila gramu yake hushika takriban gramu 3 za maji. Ukijinyima, akiba hiyo hutumika upesi na maji hutoka nayo. Ndiyo maana wiki ya kwanza mizani hushuka kwa furaha na mtu hudhani kila wiki itakuwa hivyo. Baadaye maji hugeuka upande wa pili: chumvi, hedhi, misuli inayouma baada ya mazoezi mapya, vyote huweza kukaza maji mwilini yakafunika mafuta yaliyopungua. Vijana wa Minnesota walivimba miguu kwa maji huku nyama zikiwaisha.

Pili ni hesabu ya chakula, na hapa watu hukasirika. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha matokeo ya watu 10 walioapa kwamba hawapungui hata wakila chini ya kalori 1,200. Walinyweshwa maji yenye atomu maalumu, zinazowezesha nishati ya siku nyingi kupimwa bila kumtegemea mhusika aseme. Umetaboli wao ulikuwa wa kawaida. Walichokula kilizidi kwa mbali walichokiandika: kwa wastani waliacha nje asilimia 47, na mazoezi wakayazidisha kwa asilimia 51. Sisemi walikuwa waongo. Mafuta ya kupikia hayaonekani kwenye sahani, wanaoonja jikoni hawahesabu, na siku tano za kujinyima vikali huweza kufutwa na mbili za kulipiza njaa.

Tatu ni mwendo. Mwenye njaa hukaa zaidi, husimama kidogo, na kazi ndogondogo huziahirisha bila kujua. Kupungua huko kwa mwendo huweza kushusha matumizi ya kalori kuliko homoni zinavyoyashusha.

Je, kula zaidi "kunawasha upya" umetaboli?

Leptini hupanda kidogo ukiongeza chakula, na matumizi ya nishati pia. Lakini nyongeza ya matumizi haizidi nyongeza ya chakula. Anayeona mizani imeshuka baada ya kula vizuri siku chache mara nyingi ameachia maji.

Kama haizuii kupungua, basi nijinyime tu kabisa?

Madaktari hutumia njaa ya namna hii kwa makusudi. Katika jaribio la DiRECT lililofanywa Uingereza, wagonjwa wa kisukari aina ya 2 waliwekwa kwenye kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, kwa vinywaji vilivyoandaliwa vikiwa na virutubisho vyote. Mwaka mmoja baadaye karibu nusu walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari, bila dawa. Jaribio jingine la Australia, lililochapishwa 2014, liliona kwamba waliopungua haraka hawakurudisha uzito mwingi zaidi kuliko waliopungua polepole. Makundi yote mawili yalirudisha sehemu kubwa.

Tofauti ni kwamba wale walikuwa na wataalamu nyuma yao. Anayejinyima peke yake kwa kawaida hukosa protini na hupoteza misuli zaidi. Kupungua kwa kasi huongeza uwezekano wa mawe kwenye kibofu cha nyongo. Na njaa haiondoki: watafiti wa Melbourne mwaka 2011 walikuta homoni za hamu ya kula bado zimevurugika mwaka mzima baada ya watu kupungua. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu hasa ya uzito kurudi, kuliko umetaboli unaolaumiwa kila siku. Upungufu wa wastani wa kalori, wenye protini ya kutosha na mazoezi ya kubeba uzito, haupendezi kusimulia lakini huvumilika.

Nani asijaribu bila daktari?

Mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18, mwenye ugonjwa wa moyo, figo au ini, na yeyote aliyewahi kuugua matatizo ya ulaji. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari anaweza kuzimia akipunguza chakula ghafla. Dawa za presha nazo huenda zikahitaji kupunguzwa. Aliyekaa siku nyingi karibu bila chakula asifungulie kwa mlo mkubwa, kwa sababu madini ya fosfeti na potasiamu kwenye damu huweza kuporomoka na kuugusa moyo. Ukiona moyo unadunda ovyo, unazimia, umechanganyikiwa, au una maumivu makali chini ya mbavu za kulia, nenda hospitali siku hiyohiyo.