Jina la Faili Lisomwe Hadi Mwisho

Mhasibu wa duka moja la vipuri kwenye Barabara ya Kirinyaga aliniita nimtazamie kompyuta ambayo programu yake ya kukinga virusi ilikuwa ikijizima bila kuguswa. Asubuhi hiyo alikuwa amepokea barua pepe kutoka kwa mteja anayemfahamu miaka mingi, ikiwa na kiambatisho kilichoonekana kwenye skrini kama LPO_Machi.pdf (LPO ni hati ya kuagiza bidhaa), pamoja na ile picha ndogo nyekundu ya hati za PDF. Alibofya mara mbili, hakuna kilichofunguka, akadhani ni mtandao unasumbua, akaendelea na chai yake.

Niliingia kwenye mipangilio ya folda, nikaruhusu viendelezi vya majina ya faili vionekane, na jina lile likarefuka mbele ya macho yetu: LPO_Machi.pdf.exe. Windows, isipoelekezwa vinginevyo, huficha kiendelezi cha mwisho cha faili inazozitambua, nacho ndicho kinachoeleza faili ni ya aina gani. Hiyo .pdf ilikuwa sehemu ya jina tu, ilhali .exe ni programu inayoanza kufanya kazi mara inapofunguliwa. Picha nayo haithibitishi lolote, kwa kuwa aliyeunda programu huipachika picha aitakayo.

Hila hii ni kongwe. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea duniani ndani ya faili iitwayo LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, ambayo .vbs yake ya mwisho nayo ni programu, kikijituma kwa watu wote waliomo katika kitabu cha anwani cha Outlook cha kila aliyekifungua, hivyo waliokipokea walikipata kutoka kwa watu wanaowajua. Ndiyo maana siuamini sana ule ushauri wa kutofungua barua za wageni, kwani tangu hapo hatari huja na jina la rafiki. Emotet, programu nyingine hasidi, ilizidi hapo: iliiba mazungumzo ya kweli ya barua pepe na kujibu ndani yake, na ingawa polisi wa nchi kadhaa waliivunja Januari 2021, ilirejea kabla ya mwaka kwisha.

Dalili nyingine ninazozitazama ni faili ya zip iliyofungwa kwa nenosiri lililoandikwa katika barua hiyo hiyo, ambalo mara nyingi limewekwa ili programu za ukaguzi zisione kilichomo, na hati ya Word inayokusihi uruhusu makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya hati, ndipo isomeke. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za faili zinazotoka kwenye intaneti, nao wahalifu wakahamia faili za .iso (nakala ya diski nzima) na .lnk (njia ya mkato ya kufungulia programu), ambazo sioni duka la vipuri likizihitaji.

Nilichomoa waya wa mtandao, kisha nikamwomba mhasibu ampigie mteja kwa nambari iliyokuwa tayari kwenye simu yake, wala si ile iliyoandikwa chini ya barua. Mteja alishangaa, hakuwa ametuma LPO yoyote wiki hiyo. Manenosiri ya barua pepe na ya benki tuliyabadilisha kupitia kompyuta nyingine, kwa maana kuyabadilisha kwenye mashine iliyoambukizwa kungekuwa kumkabidhi mwizi yale mapya, kisha nikafuta diski yote na kuweka Windows upya. Hesabu za duka zilipona kwa sababu flashi yenye nakala alikuwa ameiacha nyumbani Kayole, jambo alilokuwa amelilalamikia tangu asubuhi.