Pwani ya Nice: tulivyodhani na tulivyokuta

Kila tukisema mimi na mume wangu tulikaa siku sita Nice, kusini mwa Ufaransa, watu wana maneno mawili. La kwanza, "Kumbe mna pesa!" La pili, "Februari? Na baridi yote ile mliogelea wapi?" Wanaosema hivyo wameona picha za Julai: mashua nyeupe, miamvuli ya rangi, watu wamebanana kama dagaa walioanikwa. Nasi tulikuwa hivyo hivyo kabla hatujafika.

"Ni pwani ya kiangazi"

Hii ndiyo dhana iliyozaa nyingine zote. Tangu karne ya 18 Waingereza wenye uwezo walikuwa wakikimbilia Nice kukwepa baridi ya kwao, na baadaye Warusi wakafuata. Walifika majani yakipukutika huko kwao, wakaondoka joto likianza. Kuogelea hakukuwa hoja. Walikwenda kuota jua, kutembea na kupunga hewa, na wengi wao walikuwa wagonjwa wa kifua waliotumwa na madaktari. Ile njia maarufu ya kando ya bahari, Promenade des Anglais, yaani matembezi ya Waingereza, ilianza miaka ya 1820 kama kijia tu, kilichogharamiwa na wageni hao ili maskini wa mji wapate kibarua. Leo ina urefu wa kilomita 7 hivi. Tena wakati huo Nice haikuwa hata ya Ufaransa. Ilikuwa chini ya Ufalme wa Sardinia hadi 1860.

Msimu wa kiangazi ulikuja kushika kasi katika karne ya 20, watu walipoanza kupenda kuungua na jua. UNESCO ilipouingiza mji huo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021, iliutaja kama mji wa mapumziko ya majira ya baridi.

Basi sisi Februari tulikuta jua safi, koti jepesi asubuhi, na mchana mikono ya shati imekunjwa. Maji ya bahari ni baridi ya kung'ata, hilo sikatai. Kama kuna miezi ya kuogopa, ni Oktoba na Novemba, mvua inapomwagika kwelikweli.

Kwenye hiyo Promenade kuna viti vya bluu, vya bure, vinavyotazama bahari. Asubuhi ya kwanza tulikaa hapo kwa muda wa karibu saa mbili. Jirani yetu alikuwa mzee mmoja na mkewe. Mzee alikuwa akimenya chenza, kipande kimoja anampa mama, kimoja anakula yeye, wala hawasemezani, mpaka chenza likaisha. Kisha wakakunja maganda kwenye karatasi wakaondoka. Nikamwambia mume wangu, hawa ndio wanaojua kuitumia pwani hii.

"Mchanga mweupe"

Hakuna. Ufukwe wa Nice ni mawe laini ya kijivu, mengine sawa na yai, mengine kama andazi. Wimbi likirudi nyuma linayaburura, na sauti yake ni kama mchele unaopepetwa, ila ni mchele wa majitu. Kulala juu yake bila godoro ni adhabu, na kutembea peku ni kujitafutia kilema, kwa hiyo chukueni viatu vya maji. Mwenye kutaka mchanga apande treni kwenda Antibes au Cannes.

Kuna jingine linalowashangaza watu wa pwani yetu. Mume wangu ni mtoto wa Tanga. Siku ya pili aliamka akaniuliza maji yanakupwa saa ngapi, atembee kwenye mwamba. Akasubiri mpaka akachoka. Bahari ya Mediterania karibu imezibwa pande zote, na mlango wake wa Gibraltar una upana wa kilomita 14 tu mahali pembamba, kwa hiyo kupwa na kujaa kwake hapo Nice ni suala la sentimita. Kwetu bamvua linashusha maji zaidi ya mita 3. Pale mstari wa maji ulikuwa pale pale asubuhi na jioni. Alisema ni bahari isiyopumua.

"Pale ni pa matajiri"

Matajiri wapo, na wanaonekana. Lakini mambo matamu kuliko yote hayana kiingilio. Ufukwe ni wa umma kwa sheria. Migahawa hukodishiwa sehemu tu ya kuweka vitanda, na pembeni yake unatandika taulo lako bure. Mkipanda kile kilima kiitwacho Colline du Château, yaani kilima cha ngome, hamlipi kitu, na kuna lifti. (Msiitafute ngome. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliibomoa mwaka 1706, limebaki jina na mandhari.) Kutoka uwanja wa ndege mnapanda tramu. Treni ya kawaida inapita kandokando ya bahari hadi Menton kwa muda usiofika saa moja, ikisimama Villefranche, Beaulieu, Èze na Monaco. Gari la kukodi lingetuletea kazi moja tu, kutafuta maegesho.

Mgahawani jagi la maji ya bomba ni bure ukiliomba, na huduma imo kwenye bei. Chakula tulichokirudia ni socca: unga wa dengu, maji, chumvi na mafuta ya zeituni, unamiminwa kwenye sinia kubwa la shaba na kusukumwa ndani ya tanuri la kuni. Unatoka umeungua kidogo kingoni, laini katikati, wanaukwangua vipande na kuunyunyizia pilipili manga. Ukifumba macho, ni binamu wa bajia.

Kinachouma ni chumba cha kulala. Wakati wa kanivali ya Nice na sikukuu ya malimau ya Menton, zote Februari, bei hupanda. Mei ni mbaya zaidi, kwa sababu ya tamasha la filamu la Cannes, na mwanzoni mwa Juni kuna mbio za magari za Monaco.

"Monaco ni mtaa wa Ufaransa"

Ni nchi, japo eneo lake ni kilomita za mraba 2 hivi. Lakini hakuna askari wa mpakani. Mnashuka kwenye treni mmefika. Viza ya Schengen iliyowafikisha Nice inatosha. Pasipoti msiiache hotelini hata hivyo, hasa mkienda Ventimiglia upande wa Italia, maana polisi wa Ufaransa hukagua treni zinazorudi. Na ile kasino maarufu? Raia wa Monaco wenyewe hawaruhusiwi kucheza kamari humo.

"Siku moja, miji mitatu"

Watu hupanga hivyo kwa kuwa vituo vimekaribiana kwenye ramani. Sisi tulijipa mji mmoja kwa siku, na siku tuliyokiuka tulijuta. Asubuhi Villefranche, mchana tukashuka Èze stesheni. Kijiji cha Èze kiko juu ya jabali, zaidi ya mita 400 juu ya bahari, na kutoka chini kuna njia ya miguu inayobeba jina la Nietzsche, mwanafalsafa aliyekuwa akija Nice majira ya baridi miaka ya 1880. Mume wangu akatazama juu akasema, "Ni karibu tu."

Nilikuwa na kandambili. Tulipanda kwa muda wa karibu saa mbili, mawe yanateleza, chupa ya maji imekwisha nusu ya njia, na nusu saa ya mwisho hatukuwa tukizungumza. Juu kabisa tukakuta kituo cha basi, na basi limetoka Nice muda si mrefu, limejaa wazee wamekaa raha mustarehe.

Siku hizi akiniambia mahali fulani ni karibu, namuuliza: karibu ya Tanga au karibu ya Èze?