Kichaa cha mbwa: maswali ya wafugaji wa mbwa na paka kuhusu chanjo na leseni

Mbwa wangu hatoki nje ya geti. Kuna haja gani ya kumchanja?

Geti halimzuii paka wa mtaani anayeruka ukuta, wala popo anayeingia usiku. Na ipo siku mgeni atasahau kulifunga.

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kwa kung'atwa, au mate yakigusa kidonda, macho au mdomo. Kutoka hapo hupanda polepole kwenye neva kuelekea ubongo, safari inayoweza kuchukua wiki au miezi. Wakati wote huo chanjo bado inaweza kumwokoa mtu aliyeng'atwa. Dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu 4 kati ya kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto hucheza na mbwa uso kwa uso, na aking'atwa anaweza kuficha akiogopa kugombezwa. Karibu vifo vyote hivyo hutokana na mbwa. Ni jambo la kuumiza, maana mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, mwaka 1885, na tangu hapo tunajua kwamba kifo hiki kinazuilika. Mbwa 7 kati ya 10 katika eneo wakiwa wamechanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Mbwa wako ni mmoja wa hao 7, hata kama hatoki nje.

Aanze kuchanjwa akiwa na umri gani?

Kwa kawaida akifikisha wiki 12, kisha arudiwe ndani ya mwaka mmoja. Baada ya hapo ni kila mwaka au kila miaka 3, kutegemea aina ya chanjo na sheria ya mahali unapoishi. Baada ya sindano ya kwanza kinga huhitaji wiki 3 hadi 4 kabla ya kuhesabiwa kuwa kamili, kwa hiyo usimchanje leo ukamwachia kesho acheze na mbwa usiowajua.

Andika tarehe ya kurudia mahali utakapoiona. Kuchelewa kidogo huonekana si kitu, lakini mbwa aliyepitwa na tarehe anaweza kuhesabiwa kisheria kama asiye na chanjo, na hilo utalijua siku mbaya.

Na paka?

Paka achanjwe pia. Huwinda usiku, hukamata popo, hupigana na paka wengine, halafu hurudi kulala kitandani na watoto. Meno yake ni membamba, hivyo jeraha huonekana dogo na watu hulipuuza. Zipo sehemu ambazo sheria inadai leseni ya mbwa tu, lakini chanjo inadaiwa kwa wote wawili. Kutodaiwa leseni ya paka hakumwondolei haja ya sindano.

Leseni si njia tu ya kukusanya pesa?

Ada ipo, ndiyo. Lakini fikiria leseni inavyopatikana: pale inapotakiwa, mara nyingi hupewi bila cheti cha chanjo kilicho hai. Kwa njia hiyo mamlaka hujua mbwa wangapi wamekingwa na wangapi hawajakingwa. Utapewa namba, mara nyingi kwenye kibati cha kuvaliwa shingoni, na mbwa akipotea namba hiyo ndiyo inayomrudisha kwako. Sehemu nyingi hupunguza ada kwa mnyama aliyehasiwa.

Cheti kiwe na tarehe ya chanjo, jina na namba ya toleo la chanjo, tarehe ya kurudia, maelezo ya mnyama na sahihi ya daktari wa mifugo. Ukinunua dawa na kumdunga mwenyewe, usitarajie mamlaka ikubali.

Mbwa wangu ana chipu ya utambulisho tayari. Haitoshi?

Haitoshi. Chipu ni kitu kidogo kama punje ya mchele chini ya ngozi, na ndani yake mna namba tu. Haionyeshi mnyama alipo, wala haisemi kama amechanjwa. Tena haina maana ukihama au ukibadili simu bila kurekebisha taarifa zako.

Mbwa wangu amemng'ata mtu. Nifanye nini?

Kwanza jeraha. Lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mchubuko. Lisipakwe pilipili, majani wala mafuta. Kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo, bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje.

Mbwa usimuue, usimtoe kwa mtu, usimfukuze. Toa taarifa kwa daktari wa mifugo, naye atataka aangaliwe kwa siku 10. Sababu ni hii: mbwa au paka ambaye virusi vimeshafika kwenye mate yake huugua waziwazi au kufa ndani ya siku hizo. Akimaliza siku 10 akiwa mzima, hakuambukiza siku ile aliyong'ata. Usimchanje katika kipindi hicho, maana homa au uchovu wa chanjo unaweza kudhaniwa kuwa ugonjwa.

Na mbwa wangu aking'atwa na mnyama asiyejulikana?

Hapa ndipo cheti kinapookoa maisha. Mwenye chanjo hai kwa kawaida hudungwa tena papo hapo na kuangaliwa nyumbani. Asiye nayo anaweza kufungiwa peke yake miezi kadhaa, au mamlaka ikaamuru auawe.

Ninasafiri naye nje ya nchi.

Anza miezi mapema, na fuata mpangilio: chipu kwanza, chanjo baadaye. Umoja wa Ulaya hauitambui chanjo iliyotolewa kabla ya chipu, na baada ya chanjo ya kwanza ni lazima zipite siku 21. Kwa anayetoka baadhi ya nchi hudaiwa pia kipimo cha damu, kinga ikiwa angalau uniti 0.5 za kimataifa (IU) kwa mililita, na damu hiyo huchukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo. Kisha husubiriwa miezi 3 mingine kabla ya kuingia.